Nani atazima katuni? Programu haitakulelea mtoto

Mtu akishasomea kompyuta, akienda Dadaab kusalimia jamaa hapumziki. Mara simu imejaa, mara WhatsApp imegoma. Safari hii ombi lilikuwa jipya. Mzee mmoja jirani, pale Hagadera, alinikabidhi simu yake akaniambia: "Kijana wangu, niwekee kitu cha kumzuia huyu mtoto. Natoka kuswali alfajiri yuko kwenye katuni, narudi isha bado yuko kwenye katuni."

Nilimjibu kwamba kitu anachokitaka hakipo. Alinitazama kama mtu aliyepoteza ada ya chuo kikuu bure!

Lakini ndiyo kweli, na wenzangu wa fani hii wanaowaambia wazazi "pakua programu ya udhibiti, basi" wanawadanganya. Programu hizo, kama Family Link ambayo Google iliitoa 2017, zimejengwa juu ya dhana kwamba kila mtoto ana akaunti yake, na mara nyingi simu yake pia. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba YouTube haitaendelea kucheza video moja baada ya nyingine yenyewe kwa akaunti za vijana wa miaka 13 hadi 17, mpaka wao wenyewe waiwashe. Vizuri sana. Ila mtoto wa Hagadera hana akaunti. Anatazama kwa akaunti ya babake, na kwa hesabu za mashine anayetazama ni mtu mzima mwenye ndevu. Ulinzi wote unampita juu ya kichwa.

Tena simu yenyewe ni moja kwa nyumba nzima. Ukiifunga baada ya saa moja, umemfungia mama anayesubiri pesa na salamu kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo.

Msije mkadhani ni bahati mbaya. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, mechi ina filimbi. Sisi waandishi wa programu ndio tulioondoa mwisho. Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ule mtindo wa ukurasa unaoteremka bila kikomo, amekiri hadharani kwamba anaujutia. Mtoto wa miaka mitano atashindana vipi na kitu kilichotengenezwa na watu wazima ili kisiishe?

Sasa nigeukie shule. Kuna wazazi wanaosema vishikwambi vya darasani ndivyo vilivyowaharibu watoto. Hapo nawapinga. Mwaka 2013 UNHCR na Vodafone Foundation walianzisha mpango wa Instant Network Schools, na Dadaab ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kuupata: vishikwambi, projekta, betri za sola, mtandao na mafunzo kwa walimu. Darasa lenye watoto wengi na vitabu vichache halina sababu ya kuvikataa. Kishikwambi cha shule kina mwisho. Kengele ikilia kinarudi kabatini, na mwalimu yupo.

Ila walimu nao nisiwaache. Kuwasha video halafu ukakaa pembeni si kufundisha. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia na elimu ilisisitiza kwamba teknolojia isichukue nafasi ya mwalimu. Na mwalimu anayetuma kazi ya nyumbani kwa WhatsApp anamrudisha mtoto kwenye simu ileile ya baba. Hesabu dakika tano, katuni saa mbili. Andika ubaoni, watoto wanakili!

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019: aliye chini ya miaka 2 asitazame skrini kabisa, wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Ni rahisi kusema. Mzee wangu aliniuliza swali lililoninyamazisha: "Nikiizima, jioni yote atafanya nini?" Mama anapanga foleni ya maji, mwingine yuko jikoni, na simu ndiyo msaidizi pekee asiyedai mshahara. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba msaidizi huyo apewe saa ya kwenda kwake.

Nilichomfanyia mzee ni hiki. Nilipakua katuni nne, nikamwonyesha jinsi ya kuzima data kabla ya kumpa mtoto simu. Zikiisha zimeisha, hakuna ya tano. Nikamfundisha pia kubandika programu moja kwenye skrini, jambo ambalo Android imeliweza tangu 2014, ili mtoto akipewa somo asihamie kwingine. Kisha tukakubaliana kwamba baada ya magharibi simu inakaa juu ya kabati, na hilo linamhusu hata yeye mzee mwenyewe. Hapo alicheka kidogo, akakohoa.

Kwa wenzangu waandishi wa programu: acheni kutuandikia udhibiti wa nyumba yenye simu sita. Tupeni kitufe kimoja cha "mpe mtoto", kinachofanya kazi kwenye simu ya familia nzima, bila akaunti, bila intaneti, na chenye mwisho. Mpaka hapo, mzazi, usitungoje sisi. Zima data.