Mrija Ukiziba, Nani Ataufungua?

Leo naomba mnivumilie, naacha kidogo mambo ya programu niongee juu ya vichwa vya watoto. Mtaona mwishoni kwamba sijatoka mbali na kazi yangu.

Wiki iliyopita tulichanga pesa kwa M-Pesa kumsaidia mfanyakazi mwenzetu. Mtoto wake alizaliwa mzima, akaugua homa kali akiwa na wiki chache tu, halafu kichwa kikaanza kukua kuliko mwili. Ni ugonjwa wa maji kichwani, ule ambao watu huuita kichwa kikubwa. Alitiwa mrija wa kuyatoa maji kwenye ubongo na kuyateremsha tumboni. Huu ulikuwa mchango wetu wa tatu. Mrija ulikuwa umeziba tena.

Mrija huo, ambao madaktari huuita shanti, umeokoa watoto wengi tangu miaka ya 1950. Lakini huziba, na mara nyingine huingia vijidudu. Ukiziba, mtoto hutapika na kusinzia ovyo, na akichelewa kufika kwa daktari wa upasuaji wa ubongo anaweza kufa. Aliye Nairobi atakodi teksi. Je, aliye Lodwar?

Niwaambie aibu yangu. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kuandikia zahanati moja ya mashambani programu ya rekodi za wagonjwa. Ilifanya kazi vizuri sana... mezani kwangu. Kila kitu kilitegemea seva iliyokuwa Nairobi. Siku ya tatu mtandao ukapotea, karani akarudia daftari lake. Kosa halikuwa la mtandao. Nilijua hali ya huko ilivyo, nikajifanya sijui.

Ndiyo maana napenda kisa cha Mbale, Uganda, si mbali na mpaka wetu wa Malaba. Mwaka 2000 daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alihamia huko kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Zaidi ya nusu ya watoto wenye maji kichwani aliowaona walikuwa wameupata ugonjwa huo baada ya maambukizi wakiwa wachanga.

Kwanza alihoji bei. Katika utafiti wa watoto 195 uliochapishwa mwaka 2005, alilinganisha mrija wa Kihindi wa takriban dola 35 na mwingine wa takriban dola 650. Baada ya mwaka mmoja, hapakuwa na tofauti ya maana.

Kisha akauhoji mrija wenyewe. Alipitisha kamera nyembamba ndani ya ubongo, akatoboa njia mpya ya maji kupita, na akaunguza tishu zinazoyatengeneza. Mtoto anarudi nyumbani bila kifaa chochote mwilini.

Si muujiza. Jaribio la watoto wachanga 100 wa Uganda, lililochapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili kati ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja, na baadhi ya watoto njia mpya iliwakataa wakatiwa mrija. Lakini ikikataa, mara nyingi ni katika miezi sita ya kwanza, mama akiwa bado anarudi kliniki. Mrija waweza kuziba hata baada ya miaka kumi. Kwa mtu wa Lodwar, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Tena Warf hakuondoka na ujuzi wake. Alimfunza Mganda, Dkt. John Mugamba, akashika usukani, na madaktari wa nchi nyingine wakaja Mbale kujifunza. Leo njia hiyo hutumika hata Marekani.

Sasa tujitazame sisi. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kukodishia kaunti vifaa vya hospitali kwa mabilioni ya shilingi, na baadhi ya mashine zikakaa bure kwa kukosa wataalamu au umeme. Ni programu yangu ile ile, kwa bei kubwa zaidi!

Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba zaidi ya wagonjwa milioni 5 kila mwaka hukosa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu wanaouhitaji, wengi wakiwa Afrika na Asia. Wengine watasema pengo kama hilo litazibwa na mashine. Mimi nasema tuanze na mtu: tumfunze, tumlipe, tumpe njia inayofaa mahali alipo, ndipo tumnunulie mashine anayoiomba.

Nanyi waandishi wenzangu wa programu, tuache kidogo zile za kumtafutia mgonjwa daktari ambaye hayupo. Wahudumu wa afya ya jamii wanatembelea nyumba kwa nyumba wakiwa na simu. Wape utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani, na programu inayofanya kazi bila mtandao, ionyeshe kichwa cha mtoto kinapokua kupita kiasi. Mtoto akionekana mapema, ubongo wake bado unaweza kuokolewa. Baada ya upasuaji, programu hiyo hiyo imkumbushe mama siku ya kliniki.

Kabla hujabuni chochote, jiulize: kikiharibika saa nane za usiku, nani atakuwa karibu? Kama huna jibu, hujamaliza kazi.

Wewe waonaje?