Mabinti nao wakimbie

Vijana wetu wa Nyamirambo wanajiandaa kwa marathoni ya Kigali, kilomita 42.195, mbio zilizoanza mwaka 2005. Wakishaswali Alfajiri hukimbia kwa kikundi. Maashaallah. Lakini mabinti wako wapi? Wapo wasemao kukimbia kunamvunjia mwanamke heshima. Mbona Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, na mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda? Tuwape kikundi chao, mavazi ya stara na mama wa kuwasimamia. Waanze na kilomita 3 zile Jumapili ambazo baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari, kisha waongeze kidogo kidogo. Kisukari na presha havichagui mwanamume wala mwanamke. Wabillahi tawfiq.