Thamani ya Kobalti Imo Tanuruni

Kila mjadala wa madini unapopamba moto nchini, msemo unaotawala ni "kuongeza thamani". Tuliusikia mwaka 2017 Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia. Tunausikia tena kuhusu nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na mpango wa kiwanda cha kusafishia madini huko Kahama. Msemo wenyewe siupingi. Ninachopinga ni mazoea ya kuutamka kana kwamba jiwe likishatakaswa, kazi imekwisha. Nafundisha kemia ya yabisi, na kwa taaluma hiyo kazi ndipo inapoanza.

Tuchukue betri ya gari la umeme. Ncha yake chanya, yaani kathodi, mara nyingi ni oksaidi moja iliyounganisha lithiamu, nikeli, manganisi na kobalti. Mzazi wake ni oksaidi ya lithiamu na kobalti, ambayo John Goodenough na wenzake waliitangaza huko Oxford mwaka 1980. Ndani ya fuwele yake atomi zimejipanga tabaka kwa tabaka, mithili ya jengo la ghorofa: metali na oksijeni ndizo sakafu, na lithiamu ni wapangaji wa katikati. Betri ikichajiwa wapangaji hutoka, ikitumika hurejea. Sakafu zikivurugika, hawana pa kurejea.

Mpangilio huo hauchimbwi Kolwezi wala Ngara. Hupikwa. Unga wa haidroksaidi za nikeli, manganisi na kobalti huchanganywa na chumvi ya lithiamu, kisha huchomwa kwa saa nyingi katika nyuzi joto takriban 700 hadi 950 za Sentigredi, kutegemea mchanganyiko. Joto likipungua, fuwele haikomai. Likizidi, lithiamu hutoroka kama mvuke, na ioni za nikeli, ambazo zinakaribiana kwa ukubwa na za lithiamu, huhamia katika vyumba visivyo vyao. Nikeli inapokuwa nyingi nafasi ya kukosea huwa finyu zaidi, hata tanuru hulazimika kulishwa oksijeni badala ya hewa ya kawaida. Na jicho halisaidii kitu: unga ni mweusi ukiwa mzuri, ni mweusi ukiwa mbovu. Tofauti husomwa kwa mtambo wa eksirei.

Joto hurudi tena barabarani. Betri iliyojaa chaji ikipata hitilafu na kuchemka, kathodi iliyokwisha kupoteza lithiamu yake haivumilii. Kuanzia nyuzi 200 hivi tabaka huanza kuvunjika. Fuwele hugeukia umbo la spineli, kisha umbo la chumvi ya mawe, huku ikiachia oksijeni. Oksijeni hiyo hukutana na kimiminika cha ndani ya betri, nacho huwaka. Nikeli ikiongezwa, mgeuko huo huanza mapema zaidi. Kwa hiyo anayeamua kiasi cha nikeli anaamua umbali gari litakaokwenda, na pia usalama wa abiria wake.

Sasa tuitazame Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa huondoka ikiwa haidroksaidi kwenda China. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wake, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka mgao. Naiheshimu hatua hiyo, kwani mwenye mali ana haki ya kuipangia soko. Lakini mgao huamua kiasi kinachotoka. Haumfundishi mtu kuchoma oksaidi. Mkataba wa Kongo na Zambia wa mwaka 2022 kuhusu viwanda vya betri uliukaribia zaidi mlango wa tanuru.

Wapo watakaoniambia, hasa wenzangu wa wizarani, kwamba tumechelewa: betri za fosfati ya chuma, zisizo na nikeli wala kobalti, zimeenea mno. Ni kweli, nazo zitaendelea kuenea. Ila fosfati hiyo nayo huchomwa, tena katika gesi isiyo na oksijeni, na hukaguliwa kwa eksirei ileile. Soko likibadilika, mgodi hauwezi kubadili madini yake. Fundi wa tanuru hubadili ratiba ya joto.

Fundi huyo hatumwandai. Mitambo hununuliwa kwa fedha za miradi, huzinduliwa kwa hotuba ndefu, kisha kifaa kimoja kikiungua hakuna fungu la kununua kingine. Nimeona wanafunzi wa uzamili wakipeleka sampuli ng'ambo kwa posta na kungoja majibu kwa miezi. Huo nao ni usafirishaji wa mali ghafi, ingawa hakuna aliyewahi kuupiga marufuku.

Kanuni za madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania tayari zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wa utafiti na wa uhawilishaji wa teknolojia. Ndani ya mpango huo paandikwe tanuru la majaribio la kathodi katika chuo kikuu cha umma, mafundi sanifu wenye ajira ya kudumu, na bajeti ya matengenezo ya miaka 10. Wanafunzi wanaweza kuuliza, leo hii, mipango iliyokwisha kuwasilishwa imeandikwa nini. Afisa anayeipokea anaweza kuirudisha.