i7 ya mwaka gani?

Ujanja ulio mkubwa kuliko wote wa wauzaji wa kompyuta ni huu: tangazo linaloandika kuwa prosesa ni "Core i7" na kuishia hapo. i7 ipi? i7-2600 ya 2011 ina viini 4, i7-12700 ya 2022 ina viini 12. Zote ni i7, na muuzaji hajasema uongo hata kidogo!

Kadi ya michoro ndiyo balaa lenyewe. Mwaka 2016 Nvidia walitoa GTX 1060 ya GB 6 na nyingine ya GB 3. Mnunuzi hudhani tofauti ni kumbukumbu tu, kumbe hiyo ndogo ilipunguzwa hadi viini 1,152 kutoka 1,280, na jina likaachwa lilelile. Mwaka 2022 wakajaribu tena kwa RTX 4080 ya GB 12. Wateja wakapiga kelele, Nvidia wakaiondoa kabla haijaingia dukani.

Mimi muuzaji akiniandikia "RTX 3050" bila kutaja GB, namwomba picha ya GPU-Z, programu inayoonyesha kadi iliyomo, ikiwa imefunguliwa kwenye mashine hiyohiyo. Wengi hunyamaza hapohapo. Na pawa saplai je? "Wati 500", basi, kiwanda hakitajwi.