Kimeng'enya hakina kosa, na bibi yangu si mchawi

Leo nimetoka kipindi cha baiokemia nimekasirika, acha niseme. Jamaa kasimama mbele kwenye prezentesheni, eti Alzheimer inaletwa na kolinesterasi kuzidi kichwani, ukiizuia tu umepona. Darasa likapiga makofi! Mi nikabaki mdomo wazi.

Jamani, hapana. Kwenye ubongo wenye afya, seli zinapeana habari kwa asetilikolini. Habari ikishafika lazima ifutwe haraka, la sivyo ni vurugu. Mfutaji ni asetilikolinesterasi. Molekuli yake moja inavunja maelfu ya asetilikolini kwa sekunde. Mnataka kujua ikizuiwa kabisa inakuwaje? Muulizeni mkulima aliyevuta dawa ya wadudu ya oganofosfeti: mate, jasho, misuli kutetemeka, pumzi kukata.

Sasa kwa mgonjwa wa Alzheimer, seli zinazotengeneza asetilikolini ndizo zinazokufa. Habari inakuwa haba, na hiyo haba nayo inafutwa. Tena asetilikolinesterasi kwa jumla inapungua. Ndugu yake, butirilikolinesterasi, ndiye anayebaki palepale au kuongezeka. Kuzidi kuko wapi hapo? Donepezili, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, inapunguza ufutaji, mgonjwa anapata nafuu kiasi kwa muda. Rivastigimini inawabana ndugu wote wawili. Lakini seli zinaendelea kufa. Anayesema "umepona" anauza matumaini hewa.

Mtasema nakuza mambo. Haya, sikilizeni. Bibi yangu kijijini alianza kusahau majina yetu. Akawa anatoka usiku kutafuta ng'ombe waliouzwa zamani. Majirani wakaanza kunong'ona, bibi anawanga. Mnajua nchi hii neno hilo limeshaua vikongwe wangapi. Mjomba naye, msomi kabisa, akasema "uzee tu huo". Mpaka alipofikishwa hospitali ndipo tukaambiwa ni ugonjwa wa ubongo.

Nani atakwenda kuwaeleza majirani wale? Si sisi? Sasa kama na sisi tunakariri uongo ili tupite UE, tuna tofauti gani na wanaonong'ona? Wao wanamsingizia bibi, sisi tunakisingizia kimeng'enya.

Mwenye hoja aweke hapo chini, matusi sitaki. Ngoja niwahi foleni ya msosi.