Tusidanganywe na Mvumo wa Garini

Wenzangu wanafunzi, nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa, twawashukuru kwa fedha mnazochanga ili ukumbi wetu upate vyombo vya sauti. Walakini maneno yamezuka mabwenini. Wengi wataka zinunuliwe spika za magari, zile zitetemeshazo vioo vya teksi, maana wasema zile za sinema ya nyumbani ni dhaifu. Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi.

Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Sauti nzito yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 8 na nusu. Yenye mitetemo 20, mita 17. Ndani ya gari dogo hapafiki hata mita 4. Basi wimbi halina nafasi ya kujinyoosha. Spika hubana na kulegeza hewa yote kwa pamoja, kama pampu ya baiskeli. Kadiri sauti inavyozidi kuwa nzito, ndivyo gari lenyewe linavyoiongezea nguvu. Kama gari limefungwa barabara, nyongeza hiyo huweza kukaribia desibeli 12 kila mitetemo ipunguapo kwa nusu. Twaisifu spika, kumbe sehemu kubwa ya kazi imefanywa na gari!

Nyumbani mambo ni mengine. Katika chumba cha urefu wa mita 5, mawimbi hugonga ukuta, hurudi, na kukutana na yale yajayo. Sauti ya mitetemo 34 huvuma sana karibu na kuta hizo, na katikati ikafifia. Ndiyo sababu mtu mmoja huisifu spika, na mwenzake aliyeketi hatua tatu mbali naye akailaumu. Wote wawili wasema kweli.

Je, ukumbini? Ukumbi wa mita 20 kwa 10 una hewa nyingi kuliko ya gari mara mia kadha. Spika ya gari ikiingia humo, imemwacha msaidizi wake mlangoni. Tena kikuza sauti chake cha garini chataka umeme wa volti 12, nasi tutalazimika kununua chombo kingine cha kuupata. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mvumo si uzito.

Zaidi ya hayo, tukumbuke ukumbi ni wa nini. Ni wa midahalo, michezo ya kuigiza na kwaya. Herufi kama s, f na t, zitusaidiazo kutambua maneno, hukaa katika sauti nyembamba. Sauti nzito ikizidi huzifunika.

Basi yafaa kabla ya kulipa hata shilingi moja, spika iletwe ukumbini, mmoja asome habari jukwaani, nasi tuketi benchi la nyuma. Tukisikia kila neno, tununue. Fedha za watu zisinunuliwe kishindo. Mwenye kubisha na aandike. Kurasa hizi ni zetu sote.