Tuyaandike Majina ya Waliocheza Kombe la Gossage



Mwaka 1926 timu za Kenya na Uganda zilikutana kushindania kombe lililotolewa na kampuni ya sabuni ya William Gossage, na mashindano hayo, ambayo Tanganyika iliyaingia mwaka 1945 na Zanzibar ikafuata, yakawa karamu kuu ya kabumbu katika nchi zetu kwa takriban miaka 40, hata mwaka 1967 yakabadilishwa jina, na mwaka 1973 nafasi yake ikashikwa na Kombe la CECAFA.

Huyo Gossage, mtengenezaji sabuni wa mji wa Widnes huko Uingereza, alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1877. Walakini jina lake likarithiwa na kampuni, kampuni ikalitia katika kikombe, na kikombe kikalifikisha midomoni mwa watu ambao hawakupata kumjua. Sisi tumewafanyia nini vijana wetu waliokitolea jasho kikombe hicho? Wachache, kama marehemu Joe Kadenge wa Kenya, sauti ya redio iliwahifadhi. Wengi waliosalia wanakumbukwa na jamaa zao tu, na kijana aliyekuwa na miaka 20 katika michuano ya mwaka 1966 leo ni mzee wa miaka kama 80. Naona hiyo ni dhulma, ijapokuwa hapana aliyeikusudia.

Zimo katika masanduku na kabati zetu picha za zamani: wachezaji wa nyuma wamesimama na mikono wameikunja kifuani, wa mbele wamechutama, na katikati yao mpira wa ngozi wenye kamba mshononi. Aghalabu nyuma ya picha hapana hata herufi moja, na akiondoka bibi au babu anayeweza kutuambia yupi ni mlinda mlango na yupi alitoka Tanga au Mombasa, picha hiyo inakuwa ya watu wasiojulikana.

Basi shime, jamaa zangu! Mwenye mzee nyumbani na amwendee wiki hii kwa adabu, amwulize majina kuanzia kushoto hadi kulia, ayaandike kwa kalamu ya risasi nyuma ya picha, pamoja na mwaka na uwanja. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wa mtaa. Wenye vipande vya magazeti ya Baraza na Mambo Leo wasiviuze kwa wafungaji wa karanga. Navyo vyama vya mpira vya nchi zetu kila kimoja kimteue karani wa kuyapokea majina, kuyalinganisha na ya wenzake, na kupeleka nakala katika Nyaraka za Taifa, Nairobi na Dar es Salaam, na katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Picha yenyewe ibaki kwa wenyewe.